Gitaa Moja na Sauti Mbili

Maandiko ya wiki: Kutoka 4:1-5, Luka 2:8-20, 1 Wathesalonike 5:18

Desemba imefika. Wengine wetu washapiga hesabu ya nauli ya kwenda ushago, na timu ya sifa washaanza mazoezi ya Krismasi. Kuna wimbo mmoja ambao hautakosa kuimbwa mwezi huu, hapa kwetu na karibu kila kanisa duniani. Kwa Kijerumani ulipoandikwa unaitwa Stille Nacht, na wengi wetu tunaujua kama Silent Night. Tumeuimba tangu shule ya Jumapili, lakini aliyeandika maneno yake tunamjua kidogo sana. Jina lake ni Joseph Mohr. Alikuwa padre wa Kikatoliki, na maisha yake yana neno kwetu sisi tunaoabudu katika kanisa dogo.

Mtoto bila baba

Joseph alizaliwa tarehe 11 Desemba 1792 katika mji wa Salzburg, ambao leo uko Austria. Mama yake, Anna Schoiber, alikuwa akifuma nguo ili apate riziki. Baba yake, Franz Mohr, alikuwa askari. Huyo baba alitoroka jeshi, akamtoroka pia Anna kabla mtoto hajazaliwa. Joseph hakuwa mtoto wa kwanza wa Anna kuzaliwa nje ya ndoa, na siku zile jambo hilo lilikuwa aibu mbele ya watu na mbele ya serikali.

Ilipofika wakati wa ubatizo, mtu aliyekubali kuandikwa kuwa baba yake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji, yaani yule aliyekuwa akiwaua waliohukumiwa kifo. Ni kazi ambayo watu waliiogopa, na aliyeifanya waliketi mbali naye. Sasa jiulize, mpendwa: mtoto wa namna hii, nani angemtabiria mema?

Lakini Mungu huwa na watu wake. Katika kanisa kuu la Salzburg alikuwako kasisi mmoja kiongozi wa muziki, Johann Nepomuk Hiernle. Aliona kwamba kijana huyu ana akili na ana sauti. Akamchukua chini ya ulezi wake, akahakikisha anasoma. Joseph akawa mwimbaji, akajifunza kupiga fidla, na gitaa pia. Kumbuka kwamba mlango wa kwanza wa maisha yake ulifunguliwa na kiongozi wa kwaya aliyetazama zaidi ya cheti cha kuzaliwa.

Alipotaka kuingia seminari mwaka 1811, sheria ilimzuia. Aliyezaliwa nje ya ndoa hakuruhusiwa kuwa padre mpaka apewe ruhusa maalum. Aliomba, akapewa. Tarehe 21 Agosti 1815 akapata upadre, akiwa na umri wa miaka 22.

Shairi la mwaka wa njaa

Baada ya hapo alihudumu kama padre msaidizi kule Mariapfarr, kijiji cha milimani. Mwaka wa 1816 aliandika pale shairi la beti sita kuhusu usiku aliozaliwa Yesu. Siku hizi wengi huimba tatu tu.

Tuangalie ulikuwa mwaka gani. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia tu. Salzburg ilikuwa imepita mikononi mwa watawala kadhaa ndani ya miaka michache, na mwaka huo huo wa 1816 ikawekwa chini ya Austria. Juu ya hayo, Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia, na majivu yake yakatanda angani hata mwaka uliofuata Ulaya ikakosa majira ya joto. Mvua na baridi ziliharibu mimea mashambani. Bei ya mkate ikapanda, watu wakalala njaa. Wanahistoria wanauita mwaka usio na kiangazi.

Mtu aliyelelewa bila baba, akihudumu katikati ya watu wenye njaa waliotoka vitani, akakaa chini akaandika juu ya utulivu na amani. Hali ya nje haikuwa na utulivu wowote. Aliuona pale horini, kwa Mtoto. Wapendwa, shukrani ya Kikristo inaanza hapo. Ukingoja unga ushuke bei ndipo umshukuru Mungu, huenda ukangoja sana.

Mohr hakuwa na afya nzuri. Mwaka 1817 aliugua, akarudi Salzburg kutibiwa. Shairi lake halikuwa na wimbo, lilibaki maneno kwenye karatasi.

Mwalimu wa kijiji cha jirani

Baada ya kupata nafuu alitumwa Oberndorf, kando ya mto Salzach. Watu wengi wa pale walikuwa mabaharia wa mtoni, wakisafirisha chumvi kwa mashua. Mipaka mipya iliyochorwa mwaka 1816 ilipita katikati ya mto huo. Mji wa Laufen, uliokuwa mmoja na Oberndorf, sasa ukawa nchi nyingine. Fikiria leo uambiwe ng'ambo ya mto mnapofanyia biashara na mlikooa ni nchi ya watu. Biashara iliyumba, na umaskini ukaongezeka.

Katika kanisa la pale, la Mtakatifu Nikolasi, mpiga kinanda alikuwa Franz Xaver Gruber. Alizaliwa mwaka 1787 katika familia ya wafumaji wa kitani. Alikuwa mwalimu wa shule katika kijiji jirani cha Arnsdorf, na kinanda cha Oberndorf kilikuwa kazi ya kuongezea. Walimu wetu wanaofundisha wiki nzima halafu Jumapili wako kwenye kibodi wanamwelewa huyu ndugu.

Mohr alipendwa na watu wa kawaida, lakini hakumpendeza kila mtu. Paroko aliyekuwa juu yake alilalamika kwa wakubwa kwamba msaidizi wake anachanganyika mno na watu na anaimba nyimbo zisizojenga. Kwa hiyo tusidhani alikuwa akifanya kazi mahali pa raha.

Tarehe 24 Desemba 1818, Mohr alimpelekea Gruber lile shairi la miaka miwili iliyopita. Alimwomba alitungie wimbo wa sauti mbili, pamoja na kwaya, wa kuimbwa kwa gitaa. Gruber akautunga siku hiyo hiyo. Usiku wa ibada ya Krismasi, Mohr aliimba sauti ya tenor huku akipiga gitaa, Gruber akaimba bass, na kwaya ikaitikia. Watu waliokuwapo wakaupenda.

Huenda umewahi kusikia mhubiri akisema kwamba panya walitafuna kinanda cha kanisa, ndipo wakalazimika kutumia gitaa. Ni hadithi tamu, ila Gruber mwenyewe, alipoandika baadaye jinsi mambo yalivyokuwa, hakutaja panya wala kinanda kuharibika. Alichosema ni kwamba padre alileta shairi akaomba wimbo wa gitaa. Mimi naona hiyo inatufundisha zaidi. Gitaa ndicho chombo alichokijua Mohr, na ndicho kilichokuwa mkononi mwake.

Tuhesabu walichokuwa nacho

Nilisoma biashara chuoni, na kabla hatujafundishwa kukopa tulifundishwa kuorodhesha mali iliyopo. Hebu tuorodheshe mali ya usiku ule. Shairi moja la zamani. Gitaa moja. Wanaume wawili wanaojua kuimba. Kwaya ya watu wa mtoni. Alasiri moja ya kufanya mazoezi. Basi, orodha imeisha.

Mungu alipomwita Musa, alimuuliza ana nini mkononi. Musa alikuwa na fimbo ya kuchungia mbuzi. Hakuambiwa akatafute nyingine ya dhahabu. Sisi tuna kawaida ya kuanza na orodha ya tusivyokuwa navyo: spika zinakoroma, stima inapotea katikati ya sifa, wapiga vyombo ni wawili, kanisa la mtaa wa pili lina skrini kubwa. Ni kweli vifaa vinasaidia, na mchango wa vifaa tutaendelea kuutoa. Lakini sifa haziwezi kukaa kwenye foleni zikingoja mchango utimie. Wachungaji wa Bethlehemu walirudi wakimtukuza Mungu, na Luka hataji hata zumari.

Wimbo wasafiri, mwandishi asahaulike

Karl Mauracher, fundi wa vinanda kutoka bonde la Zillertal, ndiye aliyeuchukua wimbo huu akarudi nao kwao. Huko ukashikwa na familia mbili za waimbaji. Familia ya Strasser walikuwa wafanyabiashara wa glavu. Walienda kwenye masoko ya Ujerumani kuuza bidhaa zao, na huko wakaimba, hata Leipzig wakasikika. Familia ya Rainer wao walivuka bahari, na mwaka 1839 wakauimba New York. Wafanyabiashara wenzangu, angalieni: mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuuza glavu alibeba habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi ndani ya mzigo wake.

Lakini wimbo ulipochapishwa, ulichapishwa kama wimbo wa kienyeji wa Tyrol. Jina la Mohr halikuwapo, la Gruber halikuwapo. Wengine wakadhani ni kazi ya mtunzi mkubwa kama Haydn.

Mohr wakati huo alikuwa wapi? Aliondoka Oberndorf mwaka 1819, akahamishwa parokia moja hadi nyingine kwa miaka mingi. Mwishowe, mwaka 1837, akapelekwa Wagrain, kijiji kingine cha milimani. Huko alisimamia ujenzi wa shule na akaanzisha mfuko ili watoto wa maskini nao wasome. Aliwatunza pia wazee. Yule mtoto aliyesomeshwa kwa huruma ya mtu mwingine hakusahau. Wengine husema asante kwa mdomo wakaishia hapo. Yeye alilipa shukrani yake kwa watoto ambao hawangeweza kumrudishia.

Alikufa Wagrain kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 4 Desemba 1848, siku saba kabla ya kutimiza miaka 56. Hakuacha mali. Hakuacha hata picha ya uso wake. Karne iliyofuata mchongaji alipotaka kutengeneza sanamu yake, ilibidi fuvu lake lifukuliwe ili ajue alifananaje.

Marafiki waliotajana

Miaka sita baada ya kifo cha Mohr, wanamuziki wa mfalme kule Berlin waliandika barua kuuliza wimbo huu ni wa nani. Swali likamfikia Gruber, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye miaka 67. Tarehe 30 Desemba 1854 akaandika maelezo. Rafiki yake alikuwa kaburini, hakuna ambaye angempinga akisema wimbo wote ni wake. Lakini aliandika wazi kwamba maneno ni ya Joseph Mohr.

Basi mwaka 1995 ikatokea karatasi ya zamani iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr mwenyewe. Ina wimbo ule, na inaonyesha maneno ni ya mwaka 1816. Kwenye karatasi hiyo Mohr ameandika kwamba sauti ilitungwa na Gruber. Kila mmoja, kwa wakati wake, alimtaja mwenzake. Wapendwa, kumshukuru Mungu na kumnyima mwenzako sifa aliyostahili haviendi pamoja. Mwaka unaisha. Ni nani aliyekushika mkono mwaka huu ambaye hujamtaja?

Lile kanisa la Oberndorf halipo tena. Mafuriko ya mto yaliliharibu mpaka likabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na mahali pake kukajengwa kikanisa kidogo cha ukumbusho kilichokamilika 1937. Gitaa la Mohr limehifadhiwa Hallein. Wimbo umetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 300, Kiswahili kikiwamo.

Kwa hiyo Krismasi hii tukiuimba, mwangalie aliye kando yako. Kuna mama hapa kanisani anayelea mtoto peke yake, na watu wanamsema. Kuna kijana anayekaa nyuma, ana sauti, lakini hakuna aliyemwita mbele. Tuwe kwao kama Hiernle alivyokuwa kwa Joseph. Na wewe usingoje uwe na kingi. Lete gitaa lako. Kama huna gitaa, leta sauti. Kama sauti imekauka kwa machozi ya mwaka huu, njoo tu uketi nasi, tutaimba kwa niaba yako.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani
1. Ni nini kiko mkononi mwako ambacho umekidharau kwa sababu ni kidogo?
2. Taja mtu mmoja aliyekusaidia mwaka huu. Utamshukuru lini, na kwa njia gani?
3. Je, ni mtoto gani jirani ambaye karo ya Januari inamtia mama yake hofu? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini?

Tuombe: Baba, asante kwa Yesu aliyelazwa horini. Asante kwa kidogo tulicho nacho na kwa watu uliotupa. Tufundishe kukusifu kabla mambo hayajanyooka. Fungua macho yetu tuwaone waliosahaulika, na utupe moyo wa kuwataja. Katika jina la Yesu, amina.