Hon'ami Kōetsu

Hon'ami Kōetsu (kwa Kijapani: 本阿弥光悦, Kyoto, 1558 - Kyoto, 1637) alikuwa mthamini wa panga, msanii wa mwandiko, mfinyanzi na msanifu wa vyombo vya laka nchini Japani. Siku hizi anajulikana zaidi kwa mwandiko wake na kwa mabakuli yake ya chai. Hata hivyo kazi iliyomlisha ilikuwa ile aliyoirithi kutoka kwa wazee wake, yaani kunoa, kusafisha na kutambua panga za kale.

Ukoo

Ukoo wa Hon'ami uliishi Kyoto, uliokuwa mji mkuu wa Japani wakati huo. Kwa mapokeo, mwanzilishi wake aliitwa Myōhon, naye alitunza panga za Ashikaga Takauji, shoguni wa kwanza wa nasaba ya Ashikaga katika karne ya 14. Tangu hapo ukoo ulishika kazi tatu: kunoa panga, kuzipangusa zisishike kutu, na kueleza nani alizifua.

Kazi hizo tatu ziliendana. Mnoaji wa upanga wa Kijapani hatafuti makali tu. Anausugua kwa vinoo vya mawe vya aina mbalimbali, kuanzia vinavyokwaruza hadi vilivyo laini kabisa, mpaka sura ya ndani ya chuma ionekane. Mtu aliyeinamia upanga mmoja kwa siku nyingi namna hiyo huujua kuliko hata mwenye mali.

Baba yake Kōetsu, Kōji, hakuzaliwa katika ukoo huo. Alioa Myōshū, binti wa Hon'ami Kōshin, akafanywa mwana wa nyumba kwa kuwa mkwe wake hakuwa na mtoto wa kiume. Baadaye Kōshin alipata mwana wake mwenyewe, na Kōji akaanzisha nyumba ya pembeni. Kwa sababu hiyo Kōetsu hakuwa mrithi wa nyumba kuu. Alifundishwa kazi yote ya ukoo, lakini uongozi wake haukuwa juu yake.

Familia ilifuata Ubuddha wa madhehebu ya Nichiren kwa bidii kubwa. Kitabu cha habari za ukoo kinamsifu Myōshū kuwa mama aliyechukia anasa na aliyegawa alichopewa. Kōetsu naye anaelezwa kuwa mtu aliyeishi kwa vitu vichache, ingawa aliingia katika majumba ya matajiri na watawala.

Jinsi upanga ulivyotambuliwa

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, ni lazima kujua upanga wenyewe ulivyotengenezwa. Mhunzi alikunja na kufua chuma cha pua mara nyingi, na mikunjo hiyo ikaacha mistari inayofanana na nyuzi za ubao. Kisha aliupaka upanga udongo, mwembamba upande wa makali na mnene upande wa mgongo, akaupasha moto na kuuchovya ghafla katika maji. Makali yalipoa haraka yakawa magumu. Mgongo ulipoa polepole ukabaki na unyumbufu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana kama utepe mweupe uitwao hamon. Kila shule ya wahunzi ilikuwa na namna yake: utepe mmoja umenyooka, mwingine una mawimbi, mwingine unafanana na maua yaliyopangwa.

Mthamini alianza na umbo: mpindo, upana na ncha. Akafuata nyuzi za chuma, halafu hamon. Mwisho alitoa mpini na kutazama shina, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini. Hapo aliangalia rangi ya kutu, alama za tupa, na jina la mhunzi kama lilichongwa. Jina halikutosha kuwa ushahidi, kwa sababu ndilo jambo rahisi kughushi kuliko yote.

Tena panga nyingi bora hazikuwa na jina. Panga ndefu za wapanda farasi wa karne za nyuma zilikatwa baadaye ili zifae kuvaliwa kiunoni na watu wapiganao kwa miguu. Zilipunguzwa kuanzia upande wa shina, na kwa hiyo jina la mhunzi lilipotea pamoja na kipande kilichokatwa. Upanga wa namna hiyo ulibaki kama mtoto asiyejulikana baba, na ukoo wa Hon'ami ndio ulioulizwa.

Jibu lao liliweza kuandikwa kwa dhahabu juu ya shina lenyewe. Vilevile liliandikwa katika karatasi iliyokunjwa, iitwayo origami, yenye jina la mhunzi na mara nyingi thamani ya upanga kwa vipande vya dhahabu. Baadaye wazee wa ukoo walizoea kukutana tarehe 3 ya kila mwezi ili kukubaliana juu ya hukumu hizo. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo huangalia tarehe kwanza wanapopewa karatasi ya zamani.

Ukweli mbele ya wakubwa

Kōetsu aliishi wakati Japani ilipokuwa ikitoka katika vita vya miaka mingi. Watawala Oda Nobunaga, Toyotomi Hideyoshi na Tokugawa Ieyasu waliwatuza wafuasi wao kwa mashamba, lakini pia kwa panga mashuhuri. Upanga wa Masamune, mhunzi wa Sagami aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, ulikuwa zawadi ya heshima kubwa. Mthamini aliyesema kwamba upanga wa bwana fulani si wa Masamune alikuwa anampunguzia mali na heshima pamoja.

Kitabu cha ukoo kinasimulia kisa cha Hon'ami Kōtoku, jamaa yake Kōetsu aliyekuwa mkuu wa nyumba kuu. Ieyasu alimwonyesha upanga mfupi uliosemekana kuwa wa Masamune, ukiambatana na barua ya Ashikaga Takauji. Kōtoku aliutazama akasema kwamba ulikuwa umeungua na kupashwa moto upya, hivyo haukuwa na thamani. Ieyasu alichukizwa. Barua ilikuwa na jina kubwa, lakini mthamini alihukumu chuma, si karatasi.

Jambo la panga kuungua halikuwa la kubuni. Ngome ya Osaka ilipoanguka mwaka 1615, panga nyingi mashuhuri za Hideyoshi ziliharibiwa na moto. Ieyasu aliamuru baadhi yake zitiwe ugumu upya na mhunzi Yasutsugu wa Echizen. Moto huondoa ugumu wa awali pamoja na hamon ya mhunzi wa kwanza. Kinachorudishwa ni kazi ya mkono mwingine.

Kōetsu mwenyewe, kama baba yake, alihudumia ukoo wa Maeda, watawala wa Kaga, na kupokea kutoka kwao posho ya mchele. Barua zake nyingi zimehifadhiwa, na baadhi yake zinahusu panga.

Takagamine

Mwaka 1615 Ieyasu alimpa Kōetsu ardhi Takagamine, kaskazini mwa Kyoto. Palikuwa mahali pa upweke penye sifa mbaya ya wanyang'anyi. Mwaka huohuo Furuta Oribe, aliyekuwa mwalimu wake Kōetsu katika desturi ya chai, aliamriwa kujiua kwa kushukiwa kuwasaidia maadui wa Ieyasu. Wanahistoria wengine huona kwamba ardhi hiyo ilikuwa tuzo, na wakati huohuo njia ya kumweka mbali na mji.

Kōetsu alihamia huko pamoja na jamaa, wafanyabiashara na mafundi, wengi wao wakiwa waumini wenzake wa Nichiren. Ramani ya zamani ya kijiji inaonyesha viwanja 55. Alibaki huko hadi kifo chake.

Kazi nyingine

Katika mwandiko, Kōetsu anahesabiwa kuwa mmoja wa mabingwa watatu wa kipindi cha Kan'ei, pamoja na Konoe Nobutada na Shōkadō Shōjō. Aliandika mashairi ya kale juu ya karatasi zilizopambwa na mchoraji Tawaraya Sōtatsu. Kazi yao mashuhuri ni karatasi ndefu yenye korongo wa dhahabu na fedha, iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Kyoto. Alishirikiana pia na mfanyabiashara Suminokura Soan katika kuchapisha vitabu vizuri vinavyoitwa Sagabon.

Mabakuli yake ya chai aliyafinyanga kwa mkono bila gurudumu, akisaidiwa na wafinyanzi wa ukoo wa Raku. Lile liitwalo Fujisan ni Hazina ya Taifa ya Japani. Hazina nyingine ni kisanduku cha vifaa vya kuandikia kiitwacho Funabashi, kilichoko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kifuniko chake kimevimba, kina laka ya dhahabu, na juu yake pamepita daraja la bamba la risasi.

Urithi

Dada yake Kōetsu aliolewa na Ogata Dōhaku. Vitukuu vyao walikuwa mchoraji Ogata Kōrin na mfinyanzi Ogata Kenzan, walioendeleza mtindo ambao Kōetsu na Sōtatsu waliuanzisha. Makao ya Takagamine yaligeuka kuwa hekalu la Kōetsuji, lililopo hadi leo.

Ukoo wa Hon'ami uliendelea na kazi yake chini ya mashoguni wa Tokugawa. Mwaka 1719, kwa amri ya shoguni Yoshimune, Hon'ami Kōchū alitunga orodha ya panga mashuhuri za nchi. Karatasi za Kōchū na za waliomtangulia zinaheshimiwa sana na wakusanyaji. Za waliomfuata huaminiwa kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa wengine walitoa majina makubwa kwa urahisi.

Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilikataza watu wa kawaida kutembea na panga, na baada ya vita vya mwaka 1945 panga nyingi zilichukuliwa na wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1948 iliundwa jumuiya ya kuhifadhi sanaa ya panga za Kijapani, ambayo nayo huchunguza panga na kutoa hati. Wakati mwingine hukubaliana na hukumu za Hon'ami, wakati mwingine huzipinga.

Mwaka 2024 Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yalifanya maonyesho makubwa juu ya Kōetsu. Humo panga zilizothaminiwa na ukoo wake ziliwekwa pamoja na mwandiko na mabakuli yake, pamoja na upanga mfupi wa mhunzi Kaneuji unaosemekana kuwa ulikuwa mali yake mwenyewe.