Grace Hopper: Mwanamama aliyeifundisha kompyuta kujiandikia programu

MKULIMA wa muhogo wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, anayeelekeza kamera ya simu kwenye jani lililojikunja na kuelezwa kwa Kiswahili kwamba hiyo ni batobato, hana sababu ya kujiuliza programu ile iliandikwaje. Inaitwa Nuru, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), na ilifundishwa kwa picha za majani ya muhogo wa Tanzania. Inafanya kazi hata pale mtandao usipofika.

Kwamba mashine ndiyo inayopaswa kujifunza lugha ya mtu, badala ya mtu kujifunza lugha ya mashine, leo linaonekana jambo la kawaida. Miaka ya mwanzo ya 1950 lilionekana ni kichekesho. Aliyelisimamia mpaka likakubalika alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeingia jeshini akiwa na umri wa miaka 37, mwembamba kiasi kwamba alihitaji kibali maalumu kwa sababu uzito wake ulipungua kilo kama saba chini ya kiwango.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa saba za mezani za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, akitaka kujua zinavyofanya kazi. Alisoma hesabu na fizikia katika Chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928, kisha akaenda Yale alikopata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu katika hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Ndoa ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la mume alibaki nalo hadi kufa.

Alifundisha Vassar zaidi ya miaka kumi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliacha darasa na kujiunga na kikosi cha akiba cha wanawake wa Jeshi la Majini mwezi Desemba 1943. Julai 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, kwenye mashine iliyoitwa Mark I.

Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa tani zipatazo tano. Iliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde. Maagizo yake yalitobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi, na kila agizo lilikuwa namba. Hopper ndiye aliyeandika kitabu chake cha maelekezo, kurasa 561, kilichochapwa mwaka 1946.

Humo Harvard ndimo lilimojitokeza tatizo lililomwongoza maisha yake yote. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari ambamo walihifadhi vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Aliyehitaji kipande cha mwenzake alikinakili kwa mkono, akibadilisha namba za mahali ili kiingie kwenye kazi mpya. Makosa yalizaliwa katika kunakili huko.

Karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Rulenge, wilayani Ngara, ataielewa hali hiyo bila kuona kompyuta. Kila msimu ananakili ukurasa wa makato kutoka daftari la mwaka uliopita: ushuru, gharama za chama, mkopo wa pembejeo. Kanuni ya hesabu ni ile ile. Kinachoharibika ni tarakimu moja iliyohamishwa vibaya saa kumi jioni, wakati foleni ya wenye magunia bado ndefu.

Wazo la Hopper lilikuwa rahisi kulisema: kazi ya kunakili ipewe mashine yenyewe, kwa kuwa mashine haichoki. Baada ya vita Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwake, na mwaka 1949 alihamia Philadelphia katika kampuni ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakiunda kompyuta ya UNIVAC. Kilikuwa kipindi kigumu. Alikuwa akinywa pombe kupita kiasi na marafiki walihofia maisha yake. Alisaidiwa, akarudi kazini.

Mwaka 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0. Kila kipande cha programu kilichojaribiwa kilihifadhiwa kwenye utepe wa sumaku na kupewa namba ya kuitwa. Mtumiaji aliorodhesha namba za vipande alivyotaka, na UNIVAC ikavitafuta, ikavinakili, ikaviunganisha na kupanga mahali pa kila kimoja. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa kompaila ya kwanza, ingawa kwa vipimo vya leo ilikuwa karibu zaidi na fundi wa kuunganisha vipande.

Mapokezi yalikuwa baridi. Wakubwa waliamini kompyuta inajua kujumlisha na kutoa tu, haiwezi kuandika programu. Upinzani mwingine ulitoka kwa mafundi wenyewe. Waandishi wa programu wa wakati ule walikuwa wachache na waliheshimiwa kama waganga wenye dawa ya siri. Kama mashine itajiandikia, wao watakula wapi?

Hofu hiyo ndiyo inayosikika tena leo. Tangu mwaka 2021, ilipotoka GitHub Copilot, na zaidi baada ya ChatGPT kutangazwa Novemba 2022, mtu anaweza kueleza kwa maneno ya kawaida anachotaka na akili mnemba ikamwandikia programu. Kijana wa Ngara mjini aliyesomea kompyuta ana haki ya kuuliza swali walilouliza wale wa Philadelphia.

Yaliyotokea baada ya kompaila yanajulikana. Hopper aliendelea na FLOW-MATIC, lugha ya kazi za biashara iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama za hesabu, kwa kuwa aliamini mhasibu na mtunza ghala wasilazimishwe kuandika kama wanahisabati. Mwaka 1959 serikali ya Marekani, makampuni na watengenezaji wa kompyuta walikutana kuunda lugha moja ya biashara, na kutoka hapo ikazaliwa COBOL. Magazeti mengi humwita Hopper mama wa COBOL. Ukweli ni kwamba iliundwa na kamati, naye alikuwa mshauri, lakini kamati hiyo ilichota sana kwenye FLOW-MATIC. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana. Waandishi wa programu hawakupungua. Waliongezeka maelfu kwa maelfu, kwa sababu kazi zilizokuwa ghali mno kuandikiwa programu sasa ziliwezekana.

Hata hivyo, kulinganisha kompaila na akili mnemba kuna mpaka wake, na viongozi wa taasisi wasiupite wamefumba macho. Kompaila ikipewa maagizo yale yale hutoa jibu lile lile, leo na kesho. Akili mnemba inaweza kuulizwa jambo moja mara mbili ikatoa programu mbili tofauti, moja sahihi na nyingine yenye kosa, zote zikiwa zimeandikwa kwa unadhifu ule ule.

Chukulia chama cha msingi kilichoandikiwa mfumo wa malipo kwa njia hiyo. Mwanachama ameleta kilo 640 za kahawa ya maganda, na makato ni Sh150 kwa kilo, yaani Sh96,000. Programu ikikata mara mbili, mara moja kwenye mizani na mara ya pili kwenye hati ya malipo, anapoteza Sh96,000 nyingine na stakabadhi yake inapendeza macho. Kwa mkulima aliyekataa kuuza kwa butura kahawa ikiwa bado maua, akavumilia hadi mavuno ili apate bei halali, kosa hilo linamrudisha kwa mlanguzi aliyemkimbia. Lazima awepo mtu chamani anayeweza kuonyesha ni mstari gani uliokata fedha hizo.

Tanzania imewahi kulipia somo hilo. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wazalendo wenye ujuzi walikuwa wachache, hesabu za serikali zikaleta matatizo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa.

Kwa upande wa uongozi, Hopper alikuwa na tabia ambazo wakubwa wa ofisi hawakuzipenda sana. Ofisini kwake alitundika saa inayozunguka kinyumenyume, iliyosoma wakati sahihi kabisa, ili anayeingia aone kwamba mazoea siyo sheria. Aliajiri vijana, akawapa kazi kubwa mapema na kuwakinga na lawama walipojaribu jambo jipya.

Alipoulizwa na maofisa wa ngazi za juu kwa nini ujumbe wa setelaiti unachelewa, hakutoa mhadhara. Aligawa vipande vya waya vya sentimeta 30 hivi, urefu wa rula ya shule. Huo ndio umbali ambao umeme unaweza kusafiri, kwa kasi ya mwanga, katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha alionyesha mzingo wa waya wa karibu mita 300, sawa na sehemu moja ya milioni, akawataka wahesabu wenyewe vipande vilivyopo kati yao na setelaiti. Mtaalamu asiyeweza kumweleza mwenyekiti wa ushirika kwa mfano wa aina hiyo mashine inafanya nini na inakosea wapi bado hajawa kiongozi, hata akiwa na vyeti vingapi.

Kuna jambo jingine katika maisha yake linalowahusu zaidi watu wa Ngara na Biharamulo. Alipokuwa akiwashawishi wakubwa wa kampuni miaka ya 1950, aliwaonyesha programu fupi kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwa mashine, maneno ni alama tu, hubadilishwa upendavyo. Wakubwa walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania kutii Kifaransa au Kijerumani ilikuwa kwao kama uasi, na Hopper alilazimika kuahidi kwamba atabaki na Kiingereza.

Ilichukua miongo kadhaa mlango huo kufunguka. Akili mnemba ya leo hupokea maagizo ya kuandika programu kwa Kiswahili, wala haijalishi kama aliyeyatoa yuko Dar es Salaam au anasubiri basi Nyakanazi. Kwa Kihangaza na Kishubi hali ni ngumu, kwa kuwa mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya lugha hizo ni machache. Ajuza wa kijijini anayejua dalili za mnyauko wa migomba kwa Kihangaza tu bado anahitaji mjukuu wa kumtafsiria.

Jeshi la Majini lilimstaafisha Hopper mwishoni mwa mwaka 1966. Agosti 1967 lilimwita arudi kwa miezi sita kuweka sawa matumizi ya COBOL, akakaa miaka 19. Alistaafu Agosti 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha Rear Admirali, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini. Hata hapo hakukaa nyumbani, bali alichukuliwa na kampuni ya Digital kuwa mshauri. Alifariki dunia Januari 1, 1992 na kuzikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Meli ya kivita yenye jina lake ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.

COBOL haikuzikwa naye. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, jimbo la New Jersey lilitangaza kutafuta wenye ujuzi wa lugha hiyo, kwa kuwa mfumo wake wa malipo kwa wasio na kazi ulielemewa na wanaoufahamu wengi walikuwa wazee waliostaafu. Mwaka 2023 kampuni ya IBM ikatoa akili mnemba inayosoma programu za COBOL na kuziandika upya kwa lugha ya Java. Kazi ya kukagua kama tafsiri hiyo inalipa kiasi kile kile, senti kwa senti, bado wamepewa watu.