Simon Kimbangu: miezi mitano ya kufundisha, miaka thelathini gerezani

Mimi si Mkimbanguisti, wala siandiki hapa ili kumvuta mtu upande huo. Nilianza kutafuta habari za Simon Kimbangu mwaka ule baba yangu alipolala mgonjwa Kalemie, nami niko Lubumbashi katika mitihani, bila franka ya safari. Kila niliyemweleza aliniambia kwamba atamwombea. Nililichoka neno hilo. Niliona kwamba mtu akikosa cha kutoa, ndipo anapotoa maombi. Lakini mzee mmoja jirani yetu hakuniahidi kitu. Alikuja jioni, akapiga magoti kwenye mkeka wetu, akaomba, akarudi kwake; kesho yake akaja tena. Nilipomuuliza amejifunza wapi kuomba namna ile, alinitajia jina la Kimbangu, akanikumbusha kwamba mtu huyo alifia humu mjini mwetu.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, miaka ya 1880 ikielekea mwisho. Jina lake kwa Kikongo lina maana ya mwenye kufunua yaliyofichika. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na shangazi yake Kinzembo. Alisoma kwa wamisionari Wabaptisti wa Ngombe-Lutete, akabatizwa mwaka 1915 pamoja na mkewe Marie Muilu, akawa mwalimu wa dini. Sisi wa kitivo cha lugha tusipite hapo mbio. Katika misioni hiyo ya Wabaptisti, Holman Bentley na Nlemvo, mwana wa nchi, walikuwa wametafsiri Agano Jipya kwa Kikongo, nalo likatoka mwaka 1893. Basi Kimbangu hakupokea Injili kwa kusimuliwa na mgeni tu. Aliisoma mwenyewe kwa lugha ya mama. Neno ngunza, ambalo watu walimwita baadaye, ndilo walilokuwa wakilisoma humo kwa manabii.

Mwaka 1918, homa kubwa ilipokuwa ikiua watu nchini, alisikia akiitwa kuchunga kundi la Mungu. Alikataa. Alijiona hana elimu ya kutosha, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Sehemu hii ya maisha yake naipenda kuliko zote, maana inaonyesha mtu asiyetamani ukubwa. Huko Kinshasa mambo hayakumwendea vizuri, akarudi kijijini kulima.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia nyumba ya mwanamke mgonjwa aliyeitwa Kiantondo, akamwekea mikono na kumwombea kwa jina la Yesu. Husimuliwa kwamba mwanamke yule alipona. Sitaki kuamua hapa nini kilitokea katika mwili wake. Ninachojua ni kile kilichofuata: watu waliacha mashamba ya Wazungu, wakatoka hata katika hospitali za misioni, wakabeba wagonjwa wao kwenda Nkamba. Kimbangu aliwaombea, akawafundisha kutupa sanamu za uganga na kuacha ndoa ya wake wengi. Hakuwafundisha kushika silaha. Serikali ya Wabelgiji ilitishika hata hivyo, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekusanyika bila amri yake.

Msimamizi Léon Morel alikuja mwezi wa Mei kutazama, akarudi tarehe 6 Juni na askari ili kumkamata. Kimbangu aliwaponyoka. Kwa miezi mitatu alijificha vijijini, akiendelea kufundisha na kuombea watu kwa siri. Tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe, akajitoa mikononi mwao, na kuwakataza wafuasi wake kupigana.

Mahakama ya kijeshi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921 bila mtu wa kumtetea: viboko 120, kisha kifo. Wamisionari kadhaa wa Kibaptisti walimwombea huruma, na Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akaletwa Elisabethville, upande mwingine kabisa wa nchi, mahali ambapo Kikongo chake hakikuwa lugha ya mji. Aliingia buloko, kama tusemavyo hapa, akakaa humo miaka 30. Akafa tarehe 12 Oktoba 1951.

Hapo ndipo nilipokwama muda mrefu. Kwa miaka 30 hakuhubiri kwa umati, hakuwekea mkono mgonjwa yeyote wa Nkamba. Kwa hesabu yangu ya zamani, mtu huyo hakuwa na msaada tena kwa mtu.

Kumbe ilinipasa kumtazama Mama Muilu. Alibaki kijijini, mtoto mkubwa Kisolokele akapelekwa katika shule ya serikali huko Boma. Mama alilima kama wanawake wengine, na walinzi wa serikali walimchungulia. Lakini waliokuwa na msiba au ugonjwa waliendelea kumfikia, mara nyingi usiku, naye aliomba pamoja nao kwa sauti ndogo. Wafuasi wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine hata Lowa, kwenye nchi ya Kiswahili. Serikali ilidhani inazima moto, kumbe ilikuwa inatawanya makaa. Huko walikofungwa walianza tena kuombeana, na wenyeji wakawasikia.

Jirani yetu ni mtoto wa mmoja wa wale waliohamishwa. Alikuwa anapiga magoti kwa ajili ya baba yangu, mtu ambaye hajapata kumwona. Baba alipona polepole, kwa dawa, na sijaacha kusema hivyo. Lakini siku zile za jioni mama yangu aliweza kulala, nami niliweza kusoma.

Serikali ilikubali Kanisa la Kimbangu rasmi tarehe 24 Desemba 1959. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulitolewa hapa Lubumbashi, ukarudishwa Nkamba. Mama Muilu hakuwa tena nyumbani kuupokea. Alikuwa amefariki tarehe 27 Aprili 1959.