Christian Doppler na Sauti Inayopita

Christian Doppler alizaliwa mjini Salzburg, nchini Austria, tarehe 29 Novemba 1803. Baba yake alikuwa mwashi, na desturi ya ukoo ilimtaka mtoto naye ashike nyundo na patasi. Mwili wake ulikuwa dhaifu mno kwa kazi ya mawe, ndipo akapelekwa shuleni, na baadaye akasomea hisabati na fizikia mjini Vienna.

Elimu hiyo haikumpatia kazi upesi. Aliomba nafasi za ualimu asipate, akawa mtunza hesabu katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1835 alikuwa amekwisha kuanza kuuza vitu vyake ili ahamie Marekani, mara akapata kazi ya kufundisha mjini Prague. Huko aliwatahini wanafunzi kwa mamia, na baadhi yao wakamshtaki kwa ukali wa mitihani yake, shtaka ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la karatasi atalipima kwa huruma.

Katikati ya adha hizo, tarehe 25 Mei 1842, aliwasomea wanazuoni wa Bohemia makala kuhusu rangi za nyota pacha. Msingi wake ulikuwa mwepesi. Mashua inayoyakabili mawimbi hupigwa nayo mara nyingi zaidi kuliko mashua iliyotia nanga. Ikiyakimbia, hupigwa mara chache. Ndivyo ilivyo kwa sikio. Chanzo cha sauti kikimkaribia msikilizaji, mawimbi humfikia kwa kufuatana upesi zaidi, na kidatu, istilahi aijuayo kila mwanafunzi wa fonolojia, hupanda. Kikimwacha, kidatu hushuka. Asimamaye kando ya barabara wakati gari la wagonjwa linapopita husikia king'ora chembamba kikigeuka kuwa kizito, ilhali dereva hasikii badiliko lolote.

Mwanasayansi Mholanzi, Buys Ballot, hakusadiki habari ya rangi za nyota. Mwaka 1845 aliwapakia wapiga tarumbeta katika behewa la wazi lililovutwa na garimoshi karibu na Utrecht, akawapanga wanamuziki wengine kando ya reli ili wabainishe noti waliyoisikia. Jaribio la Februari liliharibiwa na hali ya hewa. La Juni lilifaulu. Kwa upande wa sauti, masikio yalimpa Doppler ushindi.

Kwa upande wa nyota, Ballot ndiye aliyekuwa sahihi. Doppler aliamini kuwa nyota zote ni nyeupe kwa asili na kwamba mwendo ndio unaozipa rangi. Lakini mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na mwendo wa nyota hizo ni mdogo mno mbele ya kasi hiyo. Rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake.

Mwaka 1850 alifanywa mkuu wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna, ambako Gregor Mendel alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Miaka miwili baadaye mwanahisabati Joseph Petzval aliishambulia kanuni yake hadharani. Doppler, ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, alikwenda Venice kutafuta hewa ya nafuu, akafia huko tarehe 17 Machi 1853, akiwa na umri wa miaka 49.

Mwaka 1868 William Huggins, nchini Uingereza, aliuchambua mwanga wa nyota Sirius, akaitumia kanuni ya Doppler kukadiria mwendo wa nyota hiyo.