Mwalimu Nyerere na Wasomi wa Mlimani

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, hadi siasa ilipomtoa darasani. Jina la Mwalimu halikumtoka.

Mwaka 1966 serikali yake ilitaka wahitimu walitumikie taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 22 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wamevaa majoho yao, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango huo.

Mwalimu aliwasikiliza, akaghadhibika, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Adhabu ilikuwa kali, pengine ya haraka mno. Lakini hakujisaza: papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Wengi wao walirejeshwa baadaye. Machi 1967 akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na Azimio la Musoma la 1974 likaamuru vijana wafanye kazi kwanza ndipo waombe nafasi chuoni, tena kwa kupendekezwa na waajiri na chama. Hoja yake ni kwamba anayesomeshwa kwa jasho la mkulima ayajue maisha ya mkulima huyo.

Utekelezaji ulikuwa na kasoro. Idadi ya wasichana vyuoni ilishuka, ikabidi waruhusiwe kujiunga moja kwa moja.

Nyerere alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.