Chuma, Msafiri wa Nchi za Nyasa

Watoto wa Kihagara na Liuli, na wote wakaao kando ya Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, wamezoea kuyaona maji ya ziwa yakienea mbele yao hata milima ya ng'ambo. Siku hizi maji hayo ni njia ya wavuvi na wafanya biashara. Lakini zamani za babu wa babu zetu yalikuwa njia ya huzuni. Majahazi yalivusha watumwa kutoka upande wa magharibi, kisha watumwa hao wakaenda kwa miguu siku nyingi mpaka Kilwa, shingo zao zimo katika makongwa. Wengi wa wasafiri hao hawakurudi, wala majina yao hayakuandikwa. Katika sura hii tutasoma habari za mtu mmoja ambaye safari yake ya kwanza ilikuwa safari ya mtumwa, naye baadaye akawa kiongozi wa misafara mikubwa. Jina lake ni Chuma.

Chuma alikuwa Myao, akazaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi iliyo kusini ya ziwa, ambayo sasa ni ya Malawi. Alipokuwa angali mtoto alikamatwa, akauzwa. Mwezi wa Julai mwaka 1861 Daktari David Livingstone, msafiri wa Uskochi, alikuwa akipita katika vilima vya Mto Shire pamoja na Askofu Mackenzie na wenziwe wa misheni ya U.M.C.A. Wakakutana na msafara wa watumwa 84 waliofungwa. Wenye kuwachunga, walipowaona Wazungu, wakakimbilia mwituni. Basi kamba zikakatwa, makongwa yakaondolewa, na miti ile ile iliyokuwa shingoni mwao watu wakaifanya kuni za kupikia chakula chao. Chuma alikuwa mmoja wa waliofunguliwa mwaka huo. Alikaa na watu wa misheni katika kijiji cha Magomero. Lakini homa, njaa na vita viliwapata. Askofu Mackenzie alikufa Januari 1862, na mwaka 1864 misheni ikaondoka, ikahamia Unguja.

Mwaka huo huo Livingstone alimchukua Chuma, na Myao mwenziwe jina lake Wikatani, akavuka nao bahari kwenda Bombay katika Uhindi. Chombo chao kilikuwa meli ndogo ya mvuke, iliyojengwa kwa ajili ya Ziwa Nyasa, wala si kwa bahari kuu. Walitoka Unguja tarehe 30 Aprili, wakafika baada ya siku 45. Vijana wale walitiwa shuleni Bombay, wakajifunza Kiingereza na masomo mengine. Mwezi wa Desemba 1865 Chuma alibatizwa, akapewa jina la James.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kutafuta chanzo cha Mto Nile, naye Chuma akaenda pamoja naye. Walishuka Mikindani mwezi wa Machi, wakafuata nchi ya Mto Ruvuma. Njiani waliona mambo ya kuhuzunisha sana: watumwa waliokufa wamefungwa mitini, na wengine wameachwa kwa sababu ya njaa na uchovu. Tarehe 8 Agosti waliliona Ziwa Nyasa. Hapo vijana wale wawili walijaribiwa. Wikatani alipata habari za ndugu zake, akaiacha safari, akakaa. Baadaye watu wa Nzuwani, waliosikia habari za vita vya Wangoni, waliogopa wakarudi pwani. Nao wakasema uongo ya kuwa Livingstone ameuawa. Chuma naye alikuwa karibu na nchi yake, na njia ya kurudi ilikuwa wazi. Lakini yeye alikwenda mbele.

Tangu siku hiyo alisafiri miaka saba. Aliona Ziwa Tanganyika mwaka 1867, na Ziwa Mweru mwaka huo huo. Alikaa Ujiji, akapita katika nchi ya Manyema hata Nyangwe, penye mto mkubwa wa Kongo. Msidhani kwamba hakuwa na udhaifu. Mwaka 1868 yeye na wenziwe walichoka, wakakataa kumfuata bwana wao kwenda Ziwa Bangweulu. Livingstone alikwenda na watu wachache tu. Aliporudi, walipatana naye, akawapokea tena. Naye aliandika katika kitabu chake kwamba hata yeye ana makosa yake. Mwaka 1871 msafiri jina lake Henry Stanley alifika Ujiji, akamletea Livingstone vyakula na nguo na dawa. Stanley aliporudi pwani, Livingstone hakukubali kwenda naye, wala Chuma hakumwacha Livingstone.

Sasa tumefika katika jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 1873 msafara ulikuwa katika mabwawa ya Bangweulu, na mvua haikukoma. Livingstone alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea; watu wakamchukua katika machela mpaka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Huko alikufa kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Watu wakakutana kufanya shauri. Walikuwa wapatao 60, wanaume na wanawake, na baina yao na pwani ulikuwa mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru, wala askari wa kuwalazimisha. Wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Tena, katika nchi nyingi za njiani watu waliogopa sana maiti, na mwenye kuichukua aliweza kutozwa mali au kuuawa. Walijua hayo yote. Hata hivyo walikata shauri kumchukua bwana wao hata pwani, apate kurudishwa kwao. Wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, na wote wakaahidi kuwatii. Abdulla Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya Mto Zambezi, naye alikuwa amemtumikia Livingstone miaka mingi.

Kwanza walitaka kumficha Chitambo habari za kifo, lakini akazisikia. Chitambo hakuwatoza kitu. Alikuja na watu wake kuomboleza. Basi wakajenga boma mbali kidogo na kijiji. Moyo wa marehemu waliuzika chini ya mti, na kijana Jacob Wainwright akasoma sala, akachora maneno katika gome la mti. Maiti waliitia chumvi, wakaikausha kwa jua siku 14, wakaifunga katika nguo, kisha katika gome la mti, na juu yake turubai, wakafanya mzigo wa kuchukuliwa na watu wawili.

Safari ilikuwa ya taabu. Siku chache baada ya kuondoka watu wengi waliugua, wakakaa mahali pamoja yapata mwezi mzima. Walivuka Mto Luapula, wakapita kusini ya Tanganyika, na mwezi wa Oktoba wakafika karibu na Tabora. Huko walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike pale, kwa ajili ya hatari ya njiani. Wakakataa kwa adabu.

Walipofika Kasekera waliona ya kuwa Cameron hakusema bure, maana watu wa mbele walikataa kabisa maiti isipite. Basi wakatumia akili. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo mfano wa maiti, wakawatuma wenzao wachache kuuchukua mzigo huo mchana, kurudi nao Tabora, kana kwamba wanakwenda kuzika. Walipofika mwituni wakayatupa mabua huku na huku, wakarudi usiku kwa siri. Na maiti yenyewe wakaifunga upya, ikawa kama mtumba wa nguo za biashara. Mtumba huo ukapita mbele ya macho ya watu wote, wala hapana aliyeuliza.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya mwendo wa karibu miezi tisa. Pamoja na mwili walileta vitabu, ramani na vyombo vya Livingstone. Meli ikaja kuuchukua mwili. Wao walilipwa mishahara yao, wakaachiliwa. Livingstone alizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili; katika wenziwe wa safari ile ya mwisho alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma, waliokuwa wakubwa wa msafara, hawakuwapo.

Baadaye rafiki mmoja wa Livingstone, jina lake James Young, alitoa nauli zao, nao wakafika Uingereza mwaka huo huo. Walikaa katika nyumba ya Padre Horace Waller, ambaye alimjua Chuma tangu siku za Magomero. Waller alikuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, na mengi hakuyafahamu. Susi na Chuma wakamweleza majina ya mito na ya wakuu, na mambo yaliyotokea mahali fulani na siku fulani. Hasa habari za kifo na za kuchukua mwili zilitoka kwao. Basi kitabu hicho, kilichopigwa chapa mwaka 1874, kina sehemu ambayo ni kazi ya vinywa vyao. Chama cha Jiografia cha London kikawapa nishani.

Chuma aliporudi Unguja hakukaa kitako. Mwaka 1875 aliuongoza msafara wa Askofu Steere kutoka Lindi mpaka mji wa Mataka, katika nchi ya Wayao. Mwaka 1876 alisafiri na Askofu huyo pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na watu hao wakafanya makazi yao Masasi. Hebu fikirini: mtoto aliyechukuliwa kwa kongwa sasa anawaongoza waliofunguliwa kurudi bara.

Mwezi wa Mei 1879 msafara wa watu wapatao 150 ulitoka Dar es Salaam, na Chuma alikuwa mnyapara mkuu. Baada ya wiki chache mkubwa wa safari, Keith Johnston, alikufa njiani. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 asiyeijua Afrika. Hapo ujuzi wa Chuma ulionekana. Alijua lugha nyingi, alijua kusema na wakuu, na alijua kuwapa moyo wapagazi waliochoka. Walifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakaenda hata Tanganyika. Thomson alipokwenda mbele na watu wachache, aliuacha msafara wote mkononi mwa Chuma. Na aliporudi aliukuta salama. Julai 1880 wakarudi pwani. Mwaka 1881 Chuma alikwenda tena na Thomson katika nchi ya Ruvuma, wametumwa na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe. Hawakuyapata. Hiyo ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho, maana mwaka 1882 alikufa Unguja kwa ugonjwa wa kifua, umri wake miaka thelathini na kitu.

Watu husema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Chuma hakuishi miaka mingi, lakini aliona Bombay na London, Nyasa na Tanganyika, Mweru na Bangweulu. Hata hivyo hatumkumbuki kwa wingi wa nchi alizoziona, kwa kuwa hata mzigo husafiri mbali ukiwa begani mwa mtu. Twamkumbuka kwa sababu njia ya kuwaacha wenziwe ilipokuwa wazi, yeye na Susi walichukua kilicho kizito, wakakifikisha.

Maswali

1. Safari ya kwanza ya Chuma ilikuwa ya namna gani? Nani walimfungua?
2. Wikatani alifanya nini walipofika Ziwa Nyasa? Na Chuma je?
3. Kwa nini ilikuwa hatari kuichukua maiti hata pwani?
4. Eleza hila iliyofanywa Kasekera.
5. Chora ramani, uonyeshe Mikindani, Mto Ruvuma, Ziwa Nyasa, Ujiji, Tabora na Bagamoyo.