Mtakatifu Jean-Marie Vianney Mbele ya Waulizaji

Ndugu wakatekumeni, siku za mtihani wa ubatizo zinapokaribia, walimu huona jambo moja kila mwaka. Mtu aliyejibu vema maswali yote ya katekisimu barazani kwa mwalimu, akisimama mbele ya Padri, midomo yamkauka, magoti yamtetemeka, na maneno yote yampotea kama maji katika kikapu. Wengine huona haya hata kutaka kuacha mafundisho. Kwa ajili ya hao twasimulia habari za mtu aliyeshindwa mtihani naye ni mtu mzima, karibu miaka 28.

Jean-Marie Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mtoto huyu alichunga kondoo na ng'ombe, na alipopata nguvu akashika jembe pamoja na ndugu zake. Siku zile yalitokea Mapinduzi makubwa katika Ufaransa. Mapadri waliokataa kiapo cha serikali waliwindwa, na Misa ikasomwa kwa siri usiku, ndani ya maghala. Jean-Marie alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 katika chumba kilichofungwa, na nje ya madirisha watu walikuwa wameweka magari yaliyojaa majani makavu, ili wapita njia wasiuone mwanga wa mishumaa. Katika fujo hiyo alipata shule kidogo tu.

Alikuwa na miaka 20 hivi alipoanza kujifunza Kilatini kwa Padri Charles Balley, paroko wa Ecully, kwa maana alitaka kuwa padri. Hebu mfikirie kijana huyu, mikono yake migumu kwa jembe, ameketi ubaoni pamoja na watoto. Walijifunza upesi, yeye hakushika neno. Alilolisoma jioni, asubuhi limetoka. Siku moja mmoja wao, Mathias Loras, alichoka kumweleza akampiga kofi mbele ya wenzake. Jean-Marie akapiga magoti mbele ya mtoto yule, akamwomba msamaha kwa ujinga wake. Mathias akalia, akamkumbatia, wakawa marafiki tangu siku ile. Huyo Mathias baadaye alivuka bahari akawa askofu katika Marekani.

Lakini uzito wa masomo ulimwonea. Alidhoofu, akataka kurudi shambani kwa baba yake. Padri Balley alimzuia. Ndipo Jean-Marie akaweka nadhiri kwenda kwa miguu mpaka La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu François Régis, mwendo wa karibu kilometa 100, akiomba chakula njiani kama maskini. Watu walimwona kijana mwenye nguvu, wakadhani ni mwizi, wakamfukuza milangoni. Alifika amechoka kabisa. Aliporudi, Kilatini hakikuwa chepesi kwa ghafula. Wala msidhani hivyo. Alipata tu kiasi cha kutokata tamaa, na hicho kilimtosha kuendelea.

Mwaka 1809 aliitwa katika jeshi la Kaisari Napoleon, lililopigana katika Hispania. Aliugua, akaachwa nyuma, akajikuta miongoni mwa watoro, akajificha katika kijiji cha Les Noës mpaka msamaha wa mwaka 1810. Tunapita upesi hapo, maana ni habari ndefu. Aliporudi kwao mwanzoni mwa mwaka 1811, mama yake alifariki muda mfupi baadaye.

Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon. Huko mafundisho yote yalitolewa kwa Kilatini. Alisikia sauti za walimu, hakuelewa maana. Baada ya miezi mitano au sita wakubwa wakamwambia aende zake. Jean-Marie alidhani mambo yamekwisha, akaenda kuomba awe bruda, afanye kazi bila Kilatini. Padri Balley akakataa tena. Akamrudisha nyumbani kwake, akafungua kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa, akaanza upya, neno kwa neno, akimweleza kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Hapo Jean-Marie alifahamu. Yatupasa kusema wazi kwamba akili haikumpungukia. Mlango aliopitishwa kwanza ulikuwa mwembamba mno kwake.

Mwaka 1814 Padri Balley akampeleka Lyon kwa mtihani. Waulizaji walikuwa wameketi, watu wenye elimu na vyeo, nao wakamwuliza kwa Kilatini. Jean-Marie akafadhaika. Hakuyaelewa maswali vema, akajibu ovyo, na yale aliyoyajua yakamkimbia. Waulizaji hawakuridhika.

Padri Balley hakumkaripia. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa jimbo, akawasihi wamwulize kijana mara nyingine, mahali asipoogopa. Vikari mkuu mmoja na mkubwa wa seminari wakakubali, wakaja Ecully. Wakamwuliza katika nyumba aliyoizoea, mwalimu wake karibu, na kwa Kifaransa. Jean-Marie akajibu vizuri, hata wakashangaa. Alikuwa mtu yule yule, na elimu yake ilikuwa ile ile. (Walimu wanaosoma ukurasa huu watalifikiri jambo hili kuliko wanafunzi.)

Vikari mkuu Courbon, aliyetawala jimbo kwa kuwa Askofu mkuu hakuwapo, aliuliza kama kijana huyu ni mcha Mungu, na kama anampenda Bikira Maria na kusali rozari. Akajibiwa kwamba hana mwenzake katika hayo. Basi akaamua aitwe, na yaliyopungua neema ya Mungu itayatimiza. Tarehe 13 Agosti 1815 alipewa upadri katika mji wa Grenoble. Alikwenda huko peke yake kwa miguu, kifurushi mkononi, katika nchi iliyojaa askari wa kigeni.

Mwanzoni hakupewa ruhusa ya kuungamisha. Ilipokuja miezi michache baadaye, wa kwanza kupiga magoti mbele yake kuungama alikuwa Padri Balley mwenyewe.

Mzee yule alikufa Desemba 1817. Februari 1818 Jean-Marie alitumwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi. Akakaa huko miaka 41. Makumi ya maelfu ya watu walikuja kila mwaka, maaskofu na wataalamu pia, kumwuliza shauri katika kiti cha maungamo, naye aliketi humo hata saa 16 kwa siku. Alifariki tarehe 4 Agosti 1859. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wa dunia yote. Sikukuu yake ni tarehe 4 Agosti.